Koti la Tano la Rautenberg

Altmoor, Ujerumani
12 Januari 2004

Fundi Mwangangi mpendwa,

Theluji imefika hadi dirishani kwangu, na najua wewe uko Nairobi unalalamika kwamba jua la Januari linafifisha vitambaa vyako. Laiti tungebadilishana wiki moja tu.

Nakuandikia kwa jambo la kazi. Mwezi wa Juni ninastaafu. Nimeongoza okestra ya jumba hili la opera kwa miaka ishirini na miwili, na tarehe ishirini Juni nitaongoza opera yangu ya mwisho. Ninahitaji koti jeusi la mikia, fupi mbele na refu nyuma, la tano kutoka mikononi mwako. La kwanza ulinishonea mwaka 1969, nilipokuwa mwalimu kijana wa piano, nikiishi katika nyumba ndogo ya nyuma kule Spring Valley. Okestra yangu yote ilikuwa watu kumi na tisa, wakiwemo daktari wa meno na makarani wawili wa posta. Nilipokuambia kwamba mimi ni kondakta, uliniuliza, "Wa basi la njia gani?" Kisa hicho nimewasimulia wanamuziki wa hapa mpaka wananiomba nisirudie tena.

Tangu wakati huo sijasimama mbele ya okestra nikiwa na koti la fundi mwingine. Nilivaa yako miaka minane niliyokuwa msaidizi katika majumba madogo, nikiwapigia wacheza dansi piano asubuhi na kungoja mkuu wangu augue ili nipewe jioni moja. Nilivaa yako siku nilipokabidhiwa okestra hii. Miji mikubwa ilinialika mara tatu, na miwili kati yake haikunialika tena, lakini kosa halikuwa la koti.

Vipimo ni vile vya mwaka 1999. Jambo moja tu: tundu la mkono wa kulia, pale mkono wa koti unapoungana na bega, liwe pana, pana sana, na bega hilo liwekwe pamba nyingi kuliko kawaida. Ni uzee tu, usihangaike.

Msalimie Nzisa. Kiswahili changu sasa ninakitumia kwako peke yako, kwa hiyo nivumilie.

Rafiki yako,
Friedhelm Rautenberg


Nairobi
28 Januari 2004

Kwako Kondakta,

Barua yako imefika. Nzisa, binti yangu, amenisomea mara mbili, na huyu anayeandika ni yeye. Mimi mikono iko na kazi, kwa hivyo usishangae mwandiko.

Hongera kwa kustaafu. Mimi bado niko pale pale Biashara Street, juu ghorofani, chumba kile alichoniachia marehemu Balwant, na cherehani ile ile aliyonifundishia. Asubuhi tunatoka Waithaka na Nzisa, jioni tunarudi. Kitambaa chako kiko. Ni sufu nyeusi niliyoiweka miaka mingi, nikisema hii si ya harusi wala ya ofisi, hii ni ya Kondakta siku akitaka koti la mwisho. Nitakikata mimi mwenyewe. Koti lako halikatwi na mtu mwingine.

Lakini hii habari ya tundu pana mimi sijaielewa. Umesahau 1970? Ulikuja hapa umekasirika, ukainua mikono katikati ya chumba, koti lote likapanda mpaka masikioni, ukasema unaonekana kama kobe. Nikakwambia: tundu likiwa pana, koti zima linafuata mkono. Tundu likiwa dogo, limekaa juu karibu na kwapa, mkono unapanda peke yake na koti linatulia. Ndio maana nililifumua nikaanza upya. Sasa leo unaniomba nikushonee kobe?

Nimeshona miaka hamsini. Mtu huomba tundu pana kama ana mkono ambao hauinuki na hataki mtu amsaidie kuvaa. Na pamba nyingi ni ya bega lililoshuka. Kwa hivyo nakuuliza kama fundi, si kama daktari. Simama kando ya mlango, inua mkono wa kulia mpaka pale unapofika bila kujilazimisha, mtu akuwekee alama kwa chaki. Nitumie hicho kipimo. Cha 1999 sikitaki.

Nzisa anasema nimekuwa mkali. Nimemwambia aandike hivyo hivyo.

Fundi wako,
Mwangangi


Nairobi
30 Januari 2004

Mzee Rautenberg, salamu za heshima.

Baba hajui kwamba nakuandikia. Barua yake niliituma jana, na hii naipeleka posta leo nikimwambia naenda kununua uzi.

Baba haoni. Si kipofu kabisa. Anaona mwangaza, anaona mtu akipita mbele ya dirisha, lakini uso wa mtu hauoni mpaka asogee karibu sana. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, tangu 2001 hivi. Mwanzo alisema taa ya chumba imezeeka, nikabadilisha taa. Akasema chaki za siku hizi ni mbaya, nikanunua chaki zingine.

Mwaka juzi alikata suti ya harusi ya Moiz, kijana wa duka la vyombo hapo chini. Mkasi uliingia ndani ya mstari ukala kola yote. Baba hakuona. Alikunja vizuri akaniambia, "Shona hiyo, iko tayari." Nilizunguka mji mzima kutafuta kitambaa cha aina ile, nikakata upya alipokuwa amesinzia baada ya chakula cha mchana. Tangu siku hiyo kila anachokata nakata tena. Vipande vyake naficha kwa gunia chini ya meza. Wateja wanamsifu yeye, na mimi wakimsifu nafurahi, nakuambia ukweli.

Lakini koti lako ni jambo lingine. Kitambaa ni hicho kimoja tu, akikosea hakuna kingine. Na koti la mikia mimi sijawahi kukata maishani. Jana nimemkuta amekifungua kile kitambaa mezani, anakipapasa, anatabasamu. Nimeogopa sana.

Daktari Harleen, mjukuu wa marehemu Balwant, anatibu macho Westlands. Amemwambia mara tatu kwamba operesheni haichukui hata saa moja. Baba anakataa. Rafiki yake Haron alipasuliwa mahali fulani zamani, akarudi jicho limekufa. Tangu hapo ukitaja operesheni anaondoka mezani.

Naomba uvunje oda, Mzee. Sema umepata koti hukohuko. Atanuna wiki moja, kisha ataweka mkasi chini pole pole bila mtu kumwambia kwamba ameshindwa. Mimi siwezi kumwambia. Nimejaribu.

Mwanao,
Nzisa


Altmoor
16 Februari 2004

Fundi Mwangangi,

Asante kwa barua yako. Jumba la opera limeamua kunipatia koti kutoka kwa mafundi wake wa hapa, kwa hiyo sitahitaji lile nililoagiza. Samahani kwa usumbufu.

Wako,
F. Rautenberg


Altmoor
16 Februari 2004

Binti yangu Nzisa,

Nimefanya ulivyoomba. Nimeiandika mara tano, na kila mara ilizidi kuwa fupi, kwa sababu sijui kumdanganya baba yako kwa maneno mengi.

Sasa na mimi nikuambie langu. Barua yako ilikuwa nafuu kwangu, maana baba yako alikuwa ameniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu. Amelisoma bega langu akiwa Nairobi, kwa maneno mawili ya barua! Kano za bega la kulia zimechanika. Tangu Septemba mkono haupiti kifua, na hapa hakuna anayejua. Ninaongoza kwa ishara ndogo nikijifanya ni mtindo wangu mpya. Gazeti moja liliandika kwamba uzee umenipa utulivu. Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya.

Nilitaka koti la kunificha mpaka Juni. Bila koti, naona heri niache sasa. Mwezi ujao nitamwambia mkurugenzi kwamba najiuzulu kwa sababu za kifamilia, ingawa familia yangu, tangu mke wangu afariki, ni mimi na paka. Opera ya Juni ataiongoza mtu mwingine.

Usimwambie baba yako. Amewahi kuniona nikiwa na nguvu. Aendelee kuniona hivyo.

F. Rautenberg


Nairobi
4 Machi 2004

Kwako Kondakta,

Anayeandika ni Nzisa, na nimemwambia aandike kila neno ninalotamka, hata lile ambalo hatalipenda.

Barua yako imesomwa hapa Jumatatu. Ilikuwa fupi. Miaka thelathini na tano hujawahi kuniandikia barua fupi. Hata ile ya msiba wa mke wako ilikuwa kurasa tatu. Nikajua hii hukuiandika peke yako.

Tena nilimsikiliza Nzisa akisoma. Nzisa akisoma barua yako huwa anasimama pale asipoelewa, ananiuliza, "Baba, hapa anamaanisha nini?" Hii aliisoma moja kwa moja, kama mtoto wa shule anayesoma kitu alichokikariri.

Nzisa, usiweke kalamu chini. Andika.

Kondakta, mimi sioni vizuri. Hilo unalijua kwa sababu kuna mtu amekuambia. Lakini vidole vyangu vinaona. Kila nguo kabla haijachukuliwa naishika, hiyo ndiyo desturi ya chumba hiki. Mimi nikikata kola, kona ya ndani naiacha na mviringo kidogo, ndivyo Balwant alinifundisha. Nzisa anaacha kona kali. Ni safi kuliko yangu, sijawahi kumwambia. Tangu harusi ya Moiz kila kola ninayoshika ina kona kali. Na gunia chini ya meza linaniumiza mguu kila nikikaa.

Ameanza kulia. Ngoja kidogo.

Sawa, tuendelee. Ameniuliza, "Kama ulijua, Baba, mbona uliendelea kukata?" Nimemjibu niliogopa. Nilifikiri siku nikiacha mkasi nitakalishwa kwa kiti kule Waithaka, niwe wa kusikiliza redio na kungoja chai. Na nilidhani yeye anafurahi kunilinda, nikamwachia hiyo furaha. Kumbe alikuwa anachoka. Tumekaa watu wawili chumba kimoja, kila mmoja anamficha mwenzake kitu anachokijua, na kitambaa cha watu kinaisha.

Barua yako iliniuma siku mbili. Sikula vizuri. Nilisema, hata Kondakta ameniona sifai. Jana asubuhi nikamwambia Nzisa, "Nipeleke Westlands." Harleen alinikalisha, akanimulika. Nikamwambia, "Wewe mtoto, sare yako ya kwanza ya shule niliishona mimi. Ukinipofusha nitakuja kulala mlangoni kwako." Akacheka, akanishika mkono, akanieleza polepole yaliyompata Haron na kwa nini dawa na vyombo vya leo si vile vya wakati ule. Nilikuwa sijawahi kumpa nafasi ya kueleza. Tarehe sita Aprili atafungua jicho la kulia.

Sasa ni zamu yako. Mimi yangu nimeyasema mbele ya mtoto wangu, na ameyaandika kwa mkono wake. Bega lina nini? Koti nitakutumia upende usipende. Nzisa atakata, mimi nitashika kitambaa. Lakini siwezi kushonea mtu anayenificha mkono.

Mwangangi

Mzee Rautenberg, hapa sasa ni mimi. Siri yako sijaitoa, na Baba anajua kwamba ipo. Nimechoka na siri. Tafadhali mwambie mwenyewe. Nzisa.


Altmoor
21 Machi 2004

Mwangangi na Nzisa,

Nawaandikia wote wawili, msome pamoja.

Barua yenu ilinikuta Alhamisi asubuhi, nikiwa navaa viatu. Saa tano nilikuwa na miadi na mkurugenzi, na barua ya kujiuzulu ilikuwa tayari mfukoni, imejaa sababu za kifamilia. Kabla ya hapo, saa tatu, nilikuwa na mazoezi na okestra. Niliisoma yenu nikiwa nimesimama barazani, kiatu kimoja mguuni.

Mwangangi, kano za bega langu zimechanika. Mkono wa kulia haupandi. Nilitaka unishonee koti la uongo, nawe ulikataa kabla hujajua.

Nilipofika kwenye mazoezi sikupanda jukwaani. Nilisimama sakafuni na kusema, "Mabibi na mabwana, nawaomba radhi. Mkono wangu wa kulia umekufa nusu. Nimewadanganya tangu Septemba. Naondoka mwezi huu ili nisiwaharibie kazi." Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa mahali pale.  Mbele yangu walikuwa watu sabini.

Kisha Wiebke akasema. Yeye ni mpiga violini wa kwanza, ameketi kushotoni kwangu miaka kumi na minne. Alisema, "Septemba? Sisi tunajua tangu Agosti."

Mtu wa nyuma akacheka, halafu wote. Nilisimama pale nikiwa sijui niweke wapi uso. Wakanieleza. Agosti walikutana kantini bila mimi na kupanga. Walio karibu wangefuata mkono wangu wa kushoto na macho. Walio mbali, wapiga pembe na ngoma, wasioweza kuona ishara zangu ndogo, Wiebke angewainulia upinde wake kidogo kila wanapofika mahali pagumu pa kuanza kupiga. Hawakuniambia kwa sababu waliona ninavyojitahidi kuficha, wakaona haya kuniumbua. Mpiga ngoma, mtu asiyesema kitu mwaka mzima, alisema, "Zamani tulikuwa tunaangalia saa. Mwaka huu tunakuangalia wewe."

Niliuliza kama hilo linatosha kwa opera inayochukua muda wa saa tatu na nusu. Wiebke alisema, "Si tumeshacheza nne hivyo hivyo?"

Mkurugenzi nilimwendea saa tano nikamweleza ukweli, naye akasema mradi okestra imekubali, yeye hana neno. Juni ninabaki. Daktari atanipasua bega Julai.

Karatasi niliyoiweka ndani ndiyo ile barua ya kujiuzulu. Upande wa mbele msiusome. Upande wa nyuma ni kipimo ulichotaka, fundi wangu. Nilisimama kando ya mlango wa ukumbi, Wiebke akaweka alama kwa chaki. Mkono unafika kwenye kifungo cha pili cha shati, kifuani. Hapo ndipo mwisho wake.

Tarehe sita Aprili nitakuwa nimekaa karibu na simu. Sijui kusali vizuri, lakini nitajaribu.

Friedhelm


Nairobi
14 Mei 2004

Mzee Rautenberg,

Asante kwa kupiga simu siku ile. Uliposikia kelele upande wetu, ni Baba alikuwa anaambia kila mtu kliniki kwamba Ujerumani iko kwa laini.

Sasa nikueleze ambayo simu haikutosha. Kesho yake Harleen alipomtoa bandeji, Baba aligeuza kichwa akatazama ukutani, mimi nikafikiri imeenda vibaya. Kisha akasema, "Harleen, huu ukuta wako ulipakwa rangi na nani? Amekuibia." Tulicheka wote watatu. Niliingia choo cha kliniki nikakaa huko dakika kumi nikilia vizuri, kulia kwa mtu aliyetua mzigo. Jicho la pili ni Juni, mwanzoni.

Koti tumelikata wiki mbili zilizopita. Asubuhi hiyo nilitandika sufu mezani, nikachora, nikampa Baba mkasi. Nilidhani atataka, maana sasa anaona. Aliushika, akaupima uzito mkononi, akanirudishia. Akasema, "Kona zako ni safi. Kata." Akaenda kusimama dirishani, akanipa mgongo, ili nisione kama anachungulia. Alichungulia.

Bega la kulia tumeliacha bila pamba ya ziada. Baba amesema koti lisimfiche mtu, limsaidie. Matundu ni madogo, yako juu kama zamani. Mkono wa kulia wa koti tumeupachika ukielekea mbele, na chini ya kwapa kuna kipande cha pembe tatu, kidogo tu, ili mkono ufike kifungo cha pili bila kuvuta mgongo. Ukisimama wima mikono ikining'inia, utaona mkunjo mbele ya bega. Usiogope. Ukianza kuongoza, mkunjo huo utapotea.

Bega litaonekana limeshuka. Baba anasema, "Limeshuka kwa kazi, aibu iko wapi?"

Nimelifunga ndani ya shuka na kulituma leo.

Nzisa


Altmoor
22 Juni 2004

Marafiki zangu,

Nimeamka saa nne leo, jambo ambalo sijalifanya tangu ujana. Paka amenikasirikia.

Koti lilifika wakati mzuri. Nililivaa mbele ya kioo, nikaona mkunjo aliousema Nzisa, nikaona bega limeshuka. Kisha nikapeleka mkono hadi kifungo cha pili, na mkunjo ukaisha. Nililivua, nikalivaa tena, mara tatu. Nzisa, mwanamke ambaye hajawahi kukata koti la mikia hakati namna hii. Sasa umewahi.

Jumapili ukumbi ulijaa. Sehemu ya kwanza na ya pili zilienda vizuri. Katika sehemu ya tatu pana mahali kwaya yote inaingia kwa nguvu baada ya kimya kirefu, na mimi, kwa tamaa ya miaka ya zamani, nilisahau. Nilijaribu kuinua mkono juu. Maumivu yalinipiga hadi meno, kijiti changu cha kuongozea kikaniponyoka kikaanguka sakafuni. Niliuona ukumbi ukizunguka.

Kwaya iliingia. Watu arobaini, kwa pamoja, kwa wakati wake. Upinde wa Wiebke ulikuwa umeshapanda. Niliendelea kwa mkono wa kushoto mtupu mpaka mwisho, nao wakanifuata kila mahali, hata pale nilipochelewa, wakanisubiri.

Maisha yangu yote niliamini nikishusha mkono watu wataanguka. Nililala vibaya miaka thelathini kwa sababu hiyo. Nilishusha, na hakuna aliyeanguka. Nikasimama pale nikisikia wanavyoimba, nikawa nasikiliza tu, kama mtu aliyekuja na tiketi yake. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo kazini.

Bega watalipasua tarehe kumi na mbili Julai. Daktari anasema nitaweza kuchana nywele. Nitaomba na kufunga vifungo vya koti mwenyewe, lakini zaidi ya hapo sidai.

Ikiwa mtanipokea, Novemba nitakuja. Sina mazoezi ya kukimbilia tena.

Friedhelm


Waithaka
19 Julai 2004

Kwako Kondakta,

Hii naiandika kwa mkono wangu. Herufi ni kubwa kama za mtoto, nivumilie, mkono umesahau njia. Macho yote mawili yako wazi sasa, na wiki iliyopita Harleen amenipa miwani ya kusomea. Barua zako zote za mwaka huu nimezisoma mwenyewe, pamoja na upande wa mbele wa ile uliyonikataza. Sababu za kifamilia! Paka wako angekushtaki.

Tumefurahi sana kusikia kwenye simu kwamba bega limepasuliwa salama. Usiharakishe kuinua kitu. Novemba njoo, kitanda kipo, na mvua itakuwa imeanza. Siku tuliyopata habari za opera yako, Nzisa alinipeleka Kenyatta Market tukala nyama choma mpaka nikafungua mshipi. Nilimwambia mchoma nyama kwamba kondakta wangu amestaafu Ujerumani kwa heshima, akaniuliza alikuwa wa njia gani. Sikumrekebisha.

Kazini sasa mimi nashona, Nzisa anakata. Wateja wakisifu, namwonyesha yeye kwa kidole. Gunia nilimwambia atupe, lakini ameshona mito kwa vile vipande.

Kuna jambo moja nataka kukuambia, kwa sababu sijui nimwambie nani mwingine. Jumamosi Nzisa alikuwa nje hapa nyumbani amekaa juani, anafumua nywele zake ili kesho yake aende kusukwa. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nina miwani yangu mpya. Nikaona mvi. Si moja. Zimeingia kuanzia hapa juu ya sikio mpaka nyuma.

Nikamuuliza, "Nzisa, hizi zimekuja lini?"

Akasema, "Zamani, Baba."

Mimi nilikuwa bado namwona vile alivyokuwa macho yaliponiacha. Nimekaa na mtoto wangu kila siku, meza moja, na amefika kwenye mvi bila mimi kujua. Nilingoja huzuni inishike, haikunishika. Nilivuta kiti karibu zaidi, nikaendelea kumtazama, mpaka akacheka akaniambia, "Baba, si uende ukatazame kitu kingine!"

Nilikataa kuondoka.

Mwangangi